Rupia, Shilingi na Sarafu Isiyoshikika

Jioni moja ya mwezi wa Agosti 2021 kijana mmoja niliyepata kumfundisha alinijia nyumbani, hapa Uriri, akaketi barazani asiseme neno kwa kitambo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka 2019, na tangu hapo alikuwa akipalilia miwa katika mashamba ya jirani ili apate karo ya chuo. Nilipomwuliza habari za nyumbani alijibu kuwa ni njema. Kisha akanieleza kilichomleta. Simu yake ilikuwa imechopolewa mfukoni katika kituo cha magari mjini Migori. Kesho yake alikwenda kwa kampuni ya simu na kitambulisho chake, akapewa kadi mpya, na shilingi alizokuwa nazo katika M-Pesa akazikuta zote, hata senti haikupungua. Lakini ndani ya simu ile ile alikuwa na mkoba mwingine, mkoba wa Bitcoin, na humo alikuwa ametia shilingi 6,000, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi minne. Mkoba huo haukurudi.

"Mwalimu," akaniuliza, "nimshtaki nani?"

Siku ile sikuwa na jibu. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa historia ya vita, ya mikataba na ya magavana. Lakini historia ya kitu kinachopita mikononi mwetu kila siku, yaani fedha, ilitajwa kwa aya moja, nasi tukageuza ukurasa. Basi nilianza kuitafuta mwenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kabla ya reli kufika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, watu wa upande huu wa ziwa walikuwa na mali, ila hawakuwa na sarafu. Mali yao ilikuwa ng'ombe, mbuzi, nafaka, na majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Samia na kuchukuliwa mbali kwa mitumbwi na kwa mabega ya watu. Mwenye ng'ombe alimjua ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe. Hakuhitaji karatasi ya kuonyesha kwamba ni wake, maana jirani zake wote walikuwa mashahidi. Walakini ng'ombe naye ana taabu zake: hufa kwa maradhi, huibwa usiku, wala huwezi kumkata mguu mmoja ukanunue chumvi. Ng'ambo ya ziwa, huko Buganda, walitumia kauri zilizotungwa katika kamba. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walizileta kauri kwa wingi mno, na thamani yake ikaanguka. Kitu kilichopatikana zamani kwa kauri chache kikadai kamba nzima. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalikuta tena mbele ya safari likiwa limevaa nguo nyingine.

Waingereza walipoitwaa nchi walikuja na rupia ya Kihindi, ambayo ilikuwa ikitumika pwani tangu zamani. Vipande vyake vidogo viliitwa paisa, na kutokana na neno hilo Kiswahili kilipata neno pesa, ambalo leo husemwa hata na mtoto asiyejua kuwa lilivuka bahari. Hapa kwetu rupia haikupokewa kwa sababu ya uzuri wake, ililetwa na kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzo mtu aliweza kuilipa kwa mbuzi au kwa kazi, lakini punde si punde ikatakiwa fedha taslimu. Kwa kuwa fedha taslimu haikuota shambani, vijana wa Nyanza waliondoka kwenda kuitafuta katika mashamba ya walowezi, katika reli, na katika gati la Mombasa.

Sasa nataka nikae kidogo katika miaka ya 1920 na 1921, kwa sababu vitabu vingi vya shule huipita mbio.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na rupia, iliyofuliwa kwa madini hayo, ikapanda pamoja nayo. Mwezi wa Desemba 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na makao yake yakawa London. Mwaka 1920 rupia ikawekewa kima cha shilingi 2 za Kiingereza, ndiyo kusema rupia 10 kwa pauni. Kisha ikaletwa florini, moja kwa rupia moja. Florini haikukaa, ikafuatwa na shilingi, mbili kwa kila florini. Mwaka 1921 rupia ya Kihindi ilikoma kuwa fedha halali katika Kenya. Kwa hiyo mtu aliyelala na rupia zake ndani ya kibuyu, mbali na barabara na mbali na ofisi ya Bwana Shauri, aliweza kuamka ana vipande vizuri vya madini visivyolipa kodi wala kununua kibiriti.

Hesabu za mabadiliko hayo zina mafunzo. Mlowezi aliyekopa benki rupia 1,500 alilichukua deni likiwa pauni 100. Kima kilipobadilishwa akajikuta anadaiwa pauni 150, wala hakuongezewa hata jembe. Walowezi walipiga kelele, kisha wakatafuta pa kuutua mzigo. Mwaka 1921 waliazimia kupunguza mshahara wa wafanyakazi wa Kiafrika kwa theluthi moja. Wakati huo huo kodi ilikuwa imepanda hadi shilingi 16. Mtu wa Nyanza hakuwa amekopa benki, wala hakujua London wanazungumza nini, lakini deni la mwingine lilimfikia mfukoni kwa njia ya mshahara na kodi.

Mwezi wa Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, katika Gem, wakiongozwa na vijana waliosoma shule za misheni, wakaanzisha Young Kavirondo Association, na Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti. Wazee huukumbuka mkutano ule kwa jina la Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Walilalamikia kodi, walilalamikia kipande, walilalamikia mishahara, na hali ya nchi kugeuzwa koloni mwaka 1920. Mwaka 1922 kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Kima cha sarafu hakikurudishwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wetu walipoanza kuijua fedha kwa tabia yake ya ndani: kwamba kipande ulicho nacho mkononi ni chako, lakini thamani yake imeandikwa katika daftari la mtu mwingine, naye aweza kuliandika upya wewe ukiwa umelala.

Shilingi ile ya Bodi ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar, hata ikafika mwaka 1966 ambapo kila nchi huru ilifungua benki kuu yake na kutoa shilingi yake. Vijana wetu wanaokwenda Isebania, mpakani, huona matokeo yake mpaka leo: fedha mbili zenye jina moja, za Kenya upande huu na za Tanzania upande ule, na watu katikati wanaoishi kwa kuzibadilisha.

Asidhani msomaji kwamba mambo ya 1921 yalikwisha na 1921. Tarehe 1 Juni 2019, katika sherehe za Madaraka huko Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kuwa fedha halali ifikapo tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupambana na noti bandia na fedha za magendo, nami sina ugomvi na sababu hiyo. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya 7,000,000 zilikuwa hazijarudishwa. Tisa katika hizo zilikuwa za shangazi yangu. Alikuwa amezitia katika mkebe wa majani ya chai na kuufukia chini ya ghala la mahindi, akiba ya mazishi yake mwenyewe, asije akawalemea wanawe. Miezi yote ile minne alikuwa mgonjwa, yuko Kisumu kwa binti yake. Aliporudi mwezi wa Novemba aliufukua mkebe, akazileta noti kwangu zimefungwa kwa uzi, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma, hebu ziangalie vizuri." Niliziangalia. Zilikuwa safi, hazikuliwa hata na mchwa.

Katikati ya habari hizi mbili ndipo ilipokuja M-Pesa. Kampuni ya Safaricom iliianzisha mwezi wa Machi 2007, na sote twajua jinsi ilivyoenea. Lakini ni wachache waliojiuliza ni kitu gani hasa. Katika M-Pesa hakuna noti inayosafiri. Fedha taslimu uliyompa wakala hubaki kwake, na fedha inayosimama badala ya salio lako huwekwa amana benki. Kinachosafiri ni maandishi katika daftari la kampuni: fulani apunguziwe 500, fulani aongezewe 500. Nambari ya siri yenye tarakimu nne ndiyo inayoliambia daftari kwamba aliyeamuru ni wewe. Kwa sababu daftari liko kwa kampuni, na kampuni ina kitambulisho chako, simu ikiibwa mali haiibwi pamoja nayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya kijana wangu kwa upande wa shilingi zake.

Sasa tuje kwenye Bitcoin. Mwezi wa Septemba 2008 benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ilifilisika, na serikali za Ulaya na Marekani zikatoa fedha nyingi kuziokoa benki nyingine. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walisambaza kwa njia ya intaneti maandishi ya kurasa tisa, wakieleza namna ya kutengeneza fedha isiyo na benki. Tarehe 3 Januari 2009 daftari lake lilifunguliwa. Nakamoto ni nani, haijathibitishwa mpaka leo.

Ili tulielewe daftari hilo, tufikiri juu ya chama cha akina mama wanaokutana chini ya mwembe kila Jumamosi. Aghalabu daftari huwa moja, nalo hukaa kwa mweka hazina, na ugomvi wote wa vyama huzaliwa hapo. Sasa tuseme kila mama ana daftari lake, na kila malipo yakisomwa kwa sauti wote huandika pamoja. Mweka hazina akibadilisha tarakimu usiku, asubuhi daftari lake litapingana na madaftari mengine yote, na uongo utajulikana. Bitcoin ni chama cha namna hiyo ambacho wanachama wake ni kompyuta, maelfu kwa maelfu, katika nchi nyingi, zisizojuana wala kuaminiana. Kila dakika 10 hivi ukurasa mmoja hufungwa na kushonwa kwenye ule uliotangulia, nao hauwezi kunyofolewa tena ila kwa kazi na gharama ya kutisha.

Ni nani aufungaye ukurasa? Hapa waanzilishi waliazima neno ambalo sisi wa Migori twalijua sana: kuchimba. Aliyepata kufika Macalder au Osiri, kule Nyatike, amewaona watu wakishuka mashimoni, wakiponda mawe na kuyaosha, na wengi wakirudi jioni mikono mitupu. Mchimbaji wa Bitcoin naye hushindana, ila kompyuta zake ndizo zinazobahatisha tarakimu mamilioni ya mara, zikila umeme mwingi, mpaka mmoja aipate ile inayotakiwa. Huyo huufunga ukurasa na kupewa Bitcoin mpya kuwa ujira. Mwanzo ujira ulikuwa 50 kwa kila ukurasa. Kila baada ya miaka minne hivi hupunguzwa nusu, na mwezi wa Aprili 2024 ulifika 3.125. Jumla yake haitapita 21,000,000. Msomaji na akumbuke sasa zile kauri za Buganda. Aliyeitunga sarafu hii alitaka isiwezekane mtu kutokea pwani na shehena ya kauri nyingine.

Thamani yake je? Tarehe 22 Mei 2010 mtu mmoja wa Florida, Laszlo Hanyecz, alitoa Bitcoin 10,000 akapata piza mbili. Mwezi wa Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Mwezi wa Desemba 2024 ikapita dola 100,000. Mtu aliyemuuza ng'ombe wake Novemba 2021 akanunua sarafu hiyo, angalibaki mwaka uliofuata na thamani isiyofika hata robo ya ng'ombe. Wenye kuisifu humtaja mtu wa Desemba 2024, na wenye kuilaani humtaja mtu wa Novemba 2022. Wote wawili wasema kweli.

Lililompata kijana wangu ni jambo la mkoba, na mkoba ndio unaowapoteza wengi wanaoanza. Mkoba wa sarafu hizi hauna sarafu ndani yake. Sarafu ni maandishi ya daftari lile la wote. Ndani ya mkoba mna ufunguo tu, nao ni tarakimu kubwa mno ambayo mwanadamu hawezi kuikariri. Kutokana na ufunguo huo hupatikana anwani, mfululizo wa herufi na tarakimu unaoweza kumpa mtu yeyote akutumie fedha, kama unavyompa nambari yako ya simu. Anwani si siri. Siri ni ufunguo, kwa maana ndio unaotia sahihi, na daftari halimtambui mtu kwa uso wala kwa kitambulisho. Hulijua sahihi tu.

Siku unapofungua mkoba, programu hukuonyesha maneno 12, au 24, yaliyochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048, aghalabu ya Kiingereza, maneno ya kawaida kabisa. Hayo maneno, kwa mpangilio ule ule, ndiyo ufunguo wako ulioandikwa kwa lugha ya watu. Simu ikiibwa, ikiungua, ikitumbukia chooni, waweza kuchukua simu nyingine, ukayaandika maneno hayo humo, na kila kitu kikarudi. Usipokuwa nayo, hakuna kirudicho. Na mwingine akiyapata, yeye ndiye mwenye mali, wala hana haja ya simu yako. Kwa hiyo huandikwa kwa kalamu juu ya karatasi, hayapigwi picha, hayatumwi kwa ujumbe, hayatajwi kwa mtu anayejiita mhudumu wa wateja. Kijana wangu aliyaona maneno 12 yakipita kwenye kioo, akabofya mahali palipoandikwa kwamba atayaandika baadaye. Hakuyaandika. Huko Wales, mwaka 2013, James Howells alitupa kwa bahati mbaya kifaa cha kompyuta kilichokuwa na ufunguo wa Bitcoin zaidi ya 7,000, kikafukiwa katika jaa la mji wa Newport, na kwa miaka zaidi ya 10 aliomba ruhusa ya kulifukua asipewe. Kwa hiyo kijana wangu alikuwa na mwenzake ng'ambo, ingawa sikuona kuwa ilimfariji.

Basi swali lake, nimshtaki nani, jibu lake ni kwamba hakuna. Bitcoin haina ofisi, haina mhudumu, haina gavana. Hakuna wa kukuamkia na tangazo la kuifuta noti yako, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna wa kukurudishia ulichopoteza. Shangazi yangu alipotezewa noti zake na daftari lenye mwenyewe. Kijana wangu alipotea katika daftari lisilo na mwenyewe. Nimefikiri sana ni lipi lililo jepesi zaidi kulivumilia, nami bado sijaamua.

Ipo njia ya katikati, na wengi huishika: kuuacha ufunguo kwa kampuni ya kubadilishia sarafu, nayo ikakupa jina na nywila. Hapo ukisahau nywila unasaidiwa. Lakini hapo pia umerudi katika daftari la mtu mwingine. Mwezi wa Februari 2014 Mt. Gox, kampuni ya Tokyo iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, ilifilisika na kusema kwamba Bitcoin 850,000 hazionekani, ijapokuwa baadaye 200,000 hivi zilipatikana. Mwezi wa Novemba 2022 ikaanguka FTX, na mwezi wa Machi 2024 mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 25 kwa kuzitumia mali za wateja.

Kununua kwenyewe si kugumu, na pengine hilo ndilo la hatari. Si lazima ununue Bitcoin nzima. Moja hugawanywa sehemu 100,000,000, kila sehemu huitwa satoshi, hivyo hata mwenye shilingi 500 ana mlango. Hapa Kenya, mtu hujiandikisha kwa kampuni ya kubadilishia, akatoa kitambulisho na picha ya uso, kisha hulipa kwa M-Pesa. Mara nyingi humlipa muuzaji, si kampuni: kampuni huzishika sarafu za muuzaji kama mdhamini, wewe unamtumia shilingi, naye akikiri kuzipokea sarafu huachiliwa kwako. Matapeli husimama katika kizingiti hicho. Hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa M-Pesa, au hukushawishi mkamalize biashara nje ya kampuni, pasipo mdhamini. Ukiisha kununua waweza kuzihamisha kwenye mkoba wako mwenyewe. Hapo anwani na inakiliwe kwa mashine, isiandikwe kwa mkono, na kwanza itumwe sehemu ndogo ionekane imefika. Ada ya njiani utailipa mara mbili, lakini ni heri hiyo kuliko kuituma mali yote kwa anwani isiyo ya mtu. Na yeyote atakayekuahidi kwamba fedha yako itazaa kiasi fulani kila mwezi bila kukosa, huyo hauzi Bitcoin. Kabla ya Bitcoin kuzaliwa, mwaka 2007, Wakenya wengi walikuwa wamekwisha kulia kwa miradi ya piramidi iliyoahidi vivyo hivyo.

Serikali yetu ilichukua muda kulielekea jambo hili. Mwezi wa Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa onyo kwamba Bitcoin si fedha halali nchini na kwamba mwenye kuitumia hana kinga. Watu waliendelea. Mwezi wa Julai 2023 mradi wa Worldcoin ulipoahidi sarafu kwa kila atakayekubali mboni za macho yake zipigwe picha, maelfu walipanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi. Sarafu zile zilikuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi, na wengi waliozifuata hawakujua ni sarafu gani wala macho yao yanapelekwa wapi. Tarehe 2 Agosti serikali iliusimamisha mradi huo, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha na habari hizo zifutwe. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Rais William Ruto alitia sahihi sheria ya kwanza ya kuwasimamia watoao huduma za mali za kidijitali, na kazi hiyo ikagawanywa baina ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hiyo anayenunua kwa kampuni yenye leseni ana mahali pa kupeleka malalamiko juu ya kampuni hiyo. Kwa maneno 12 yaliyopotea hakuna leseni wala mahakama.

Mimi binafsi singemshauri mwanafunzi atie karo humo, wala nauli, wala akiba ya mazishi ya mtu. Nasema hivyo nikijua kwamba kijana yule hakuusikiliza ushauri huo. Mwezi wa Desemba 2024, bei ilipopita dola 100,000, alikuja tena barazani. Alikuwa amekwisha kusoma chuo, ana kazi ya umeme huko Awendo, na alinionyesha hesabu kwamba zile 6,000 zake za 2021 zingekuwa zimezidi maradufu. Hakuhuzunika, aliisema kama mtu asemavyo habari za mvua ya mwaka jana. Kisha akatoa bahasha mbili zilizofungwa. Alikuwa amefungua mkoba mpya, na safari hii ameyaandika maneno yote 24 mara mbili kwa wino. Alitaka bahasha moja nimhifadhie.

Nilikataa. Nilimwambia kuwa kwa daftari lile, atakayeifungua bahasha hiyo ndiye yeye, na mimi nina watoto, nina wageni, nina panya. Akaniuliza aiweke wapi basi. Nikamsimulia habari ya mkebe wa shangazi, mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza kwa makini, akazirudisha bahasha zote mbili mfukoni, akaaga.

Baada ya wiki mbili nilikutana naye barabarani akielekea sokoni. Nilimwuliza kama amepata mahali. Akasema amepata, tena pawili. Nikamwuliza ni wapi.

Akacheka, akasema, "Mwalimu, hata wewe sikuambii."